Buloni ya Tano

Goma, tarehe 8 Februari 1976

Mdogo wangu mpenzi Barthélemy,

Juu ya bahasha nimeandika Nsanzimana, kama sheria ya kuacha majina ya kizungu inavyotaka, lakini humu ndani hakuna anayechungulia na wewe utabaki Barthélemy. Kifua chako kinaendeleaje? Na joto la Kalemie, umelizoea? Huku mvua inanyesha tangu Noeli, maharagwe ya nyuma ya nyumba yameoza, lakini hakuna aliyelala kitandani, tunamshukuru Mungu. Muzee anakusalimia. Anasema kama bado unakonda, uache kula samaki tu, utafute maziwa.

Nakuandikia juu yake na juu ya mashua.

Unajua kazi yake ya kila Februari. Wameivuta ile mashua, Léocadie, nje ya ziwa, juu ya gari lake la reli. Citoyen Munyakazi (siku hizi sote ni raia, hakuna bwana), aliyepewa plantasyo ya kahawa na mashua siku wazungu walipoondolewa, ameagiza iitwe Mapendo, na jina hilo limepakwa rangi nyuma, lakini Muzee hajalitamka hata mara moja. Ametoa mbao za sakafu na kushuka chini na nyundo yake ndogo. Unazikumbuka zile buloni saba, pini ndefu za chuma zinazoshika mkuku, kile chuma kizito cha chini kinachofanya mashua isimame upepo unapoisukuma. Tulipokuwa watoto tulikatazwa hata kukohoa siku hiyo. Anagonga moja baada ya nyingine. Ile nzima inalia. Ile iliyoliwa na kutu kule ndani ya mbao, mahali jicho halifiki, hailii. Hiyo ndiyo huitoa na kuibadilisha.

Mwaka huu nilisimama juu na kioo, nikimrudishia jua ndani ya tumbo la mashua. Ya kwanza ililia vizuri, na ya pili. Ya tatu na ya nne zililia, lakini kwa sauti fupi. Ya tano ilitoa sauti kama mtu amegonga kiazi. Muzee aliinua kichwa akaniangalia usoni, akasema, "Unasikia vile inalia?"

Nikasema, "Ndiyo, Papa."

Barthélemy, Muzee hasikii tena. Tangu ile homa na dawa nyingi ya kinini ya hospitali, sikio moja lilikwenda, na sasa la pili limelifuata. Unapokuja kwa likizo huoni sana kwa sababu wewe unaongea kwa kelele. Mama alijua. Kabla hajafariki aliniambia, "Musimwambie. Sikio ndiyo kazi yake, mukimunyanganya hiyo atabaki na nini?" Basi nimefanya alivyosema. Nasimama mbele yake ninapoongea. Kanisani namgusa kiwiko wakati wa kukaa na wa kusimama. Rafiki yake Ferdinand naye anajua, na humpungia mkono kutoka mbali kabla ya kumwita. Jumapili iliyopita Muzee alisema "Amina" kwa sauti kubwa padri akiwa katikati ya mahubiri. Watu walicheka. Nje alisema, "Padri amezeeka, siku hizi anasahau kumaliza sala zake."

Munyakazi alipita tukiwa kwenye kazi. Akamwambia, "Muzee, unagonga chuma kama munganga anagonga tumbo ya mutu wa minyoo." Muzee alicheka, nami sijui kama alisikia au aliona tu kwamba mwenziwe anacheka. Munyakazi anataka mashua iwe majini kwa sherehe ya Chama, tarehe 20 Mei, apeleke wageni wa serikali visiwani. Kununua chuma kipya hataki. Anasema mzungu anaweza kurudishiwa mali yake siku yoyote, kwa nini amtengenezee.

Nakuomba uje. Wewe ni mwanamume na ni fundi wa shantiye, kule meli zinakotengenezwa. Ukisema, "Papa, tuitoe hii ya tano tuione," ni mafundi wawili wanaongea. Nikisema mimi, dada yako mkubwa, nitakuwa nimemwambia kwamba hasikii.

Yaya wako,
Apolline

—

Kalemie, tarehe 29 Februari 1976

Yaya Apolline,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako ambaye kifua chake kimetulia na ambaye hajakonda, mwambie Muzee hivyo. Joto lipo, lakini jioni upepo wa ziwa unatuhurumia. Wewe je, miguu yako bado inavimba ukisimama darasani siku nzima? Na wale wanafunzi wako wa mwaka wa tano wamejua kugawanya?

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nilikwenda kwa shefu siku hiyo hiyo. Amekataa kunipa konje, likizo hakuna. Kuna meli moja iko nje ya maji, tumbo wazi, na sisi wa chuma hatuondoki mpaka irudi. Labda Julai. Julai ni baada ya Mei.

Sasa sikiliza. Usimwambie. Mama alisema vizuri. Mutu kama Papa, aliyetoka kwenye ng'ombe za Masisi bila kujua mashua ni nini na akafika mahali wazungu wa Bukavu walimwita aje asikilize mashua zao, huwezi kumwambia siku moja asubuhi kwamba anagonga bure. Tutafanya hivi. Ndani ya bahasha hii kuna barua yake. Msomee mbele ya Ferdinand ili iwe na heshima. Nimemwandikia kwamba hapa shantiye nimepewa mtihani: nichonge buloni ya mkuku ya mashua ya tanga, na kwamba nahitaji ya zamani kama mfano. Nimemwomba anitolee ya tano, kwa sababu iko karibu na katikati, mahali panapobeba uzito zaidi. Anitumie hiyo, nami nitamtumia mpya.

Unaona? Hakuna aliyesema sikio. Hakuna aliyesema kutu. Baba anamsaidia mtoto, basi. Na akiitoa ataiona kwa macho yake jinsi ilivyo, na macho yake bado ni mazima.

Kuitoa si rahisi, najua. Kichwa cha buloni kiko chini, lazima ishuke, na pale kwenu chini ni mawe ya volkano, hakuna kuchimba. Itabidi wainue mashua juu ya magogo. Ferdinand atafute vijana wa bandarini.

Mdogo wako anayekupenda,
Barthélemy

—

Goma, tarehe 21 Machi 1976

Mdogo wangu Barthélemy,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya na shefu wako akiwa na roho nzuri. Miguu yangu imetulia kidogo, asante kwa kuuliza. Wanafunzi wanagawanya, ila wengine wanagawanya mpaka na visivyogawanyika.

Barua yako nilimsomea Muzee Jumapili baada ya misa, Ferdinand akiwepo. Nilisoma polepole, uso kwa uso. Alinifanya nirudie pale penye neno mtihani. Kisha aliichukua mwenyewe, akaishika mbali na macho, akawa anaangalia mwandiko wako ingawa hasomi. Ferdinand akamwambia, "Basi leo wewe ni profesa." Muzee akajibu, "Si leo. Ni vile mulikuwa hamujui." Sijamwona akicheka hivyo tangu Mama aende.

Jioni aliuliza maswali mengi. Nani ataiangalia hiyo buloni kule? Shefu ni mzungu au mutu yetu? Wataiweka mezani mbele ya wote? Nilimwambia ndiyo, nadhani wote wataiona. Alitingisha kichwa, akaenda kutafuta mafuta na brashi ya waya.

Nakuarifu pia kwamba kesho naondoka. Mwalimu mmoja wa Rutshuru anajifungua na Masista wameniomba nishike darasa lake mpaka mapema mwezi wa tano. Nilisita, lakini Muzee mwenyewe ndiye aliyenifungia mizigo. Ferdinand atalala nyumbani naye na atasimamia vijana wa magogo. Nimemweleza Ferdinand mara mbili: ya tano. Amesema, "Ya tano, nimesikia, mimi masikio yangu iko." Kisha akaona aibu.

Yaya wako,
Apolline

—

Kalemie, tarehe 18 Aprili 1976, siku ya Pasaka

Yaya mpenzi,

Kristo amefufuka! Huko Rutshuru mlikula nini leo? Sisi tulichoma mbuzi, na mimi niliimba mpaka sauti ikakatika. Natumaini Masista wanakupa chakula cha kutosha na kwamba mama aliyejifungua yuko salama.

Mzigo umefika. Kapita mmoja, msimamizi wa mizigo kwenye boti ya Kalundu, aliuleta mkononi, umefungwa kwa gunia, ndani ya gunia kitambaa, ndani ya kitambaa karatasi yenye mafuta. Yaya, sijui nikuambieje bila kukucheka. Buloni ni nzima! Nzima kabisa. Nimeipima kila mahali, juu, katikati, chini. Kutu imelamba kidogo tu pale mkuku unapokutana na mbao, kiasi cha kukwaruza kwa ukucha. Muzee ameisugua mpaka inang'aa, na alama zake kwenye kichwa, zile anazokata kwa tindo kuhesabu, amezikata upya: tano, nyeupe kama meno. Niliifunga kwa kamba nikaigonga, vijana wote wa atelye, karakana nzima, wakageuka. Shefu aliuliza, "Hii imetoka wapi?" Nikasema, "Ni ya baba yangu, Goma." Akasema mwenye kutunza chuma hivi angempa kazi leo. Ameitundika ukutani.

Basi ile sauti ya kiazi ilikuwa nini? Labda maji chini ya nati, labda uchafu, labda Yaya wangu alikuwa na njaa. Si kosa, sikio la mwalimu wa chaki na la chuma ni tofauti. Kama ya tano, uliyoiogopa, iko hivi, zingine zitakuwa hivyo. Unaona Papa bado anajua kazi. Huenda anasikia kuliko tunavyofikiri.

Mpya nimeichonga kwa chuma kizuri, nati mpya na pete yake. Ilitoka na boti ya juzi. Muzee aifunge, na mashua irudi majini na amani.

Mdogo wako aliyefurahi,
Barthélemy

—

Goma, tarehe 16 Mei 1976

Mdogo wangu mpenzi,

Nimerudi salama. Natumaini nawe uko salama na kwamba ule wimbo wa Pasaka haukukurudishia kikohozi. Barua yako ilinifuata mpaka Rutshuru, nikaisoma nikicheka peke yangu kama mwendawazimu, Sista mmoja akaniuliza kama nimeposwa. Nimefurahi sana kuwa nilikosea. Katika kitabu changu cha kila siku niliandika jioni hiyo: leo nimelala bila mzigo.

Nimemkuta Muzee amependeza. Munyakazi amempa shati la sherehe. Mashua iko majini tayari, imepakwa rangi ya kijani na njano, na jina la Mapendo limeandikwa upya, kubwa. Nilitaka kushuka chini nione kazi yako, lakini sakafu imeshapigiliwa misumari na kuwekwa zulia kwa ajili ya wageni. Ferdinand ananiambia buloni yako iliingia vizuri kama kidole ndani ya pete. Baada ya kuifunga, Muzee alichukua kle kubwa, ile spana ya nati, akakaza na zile zingine zote, asipendelee, alisema, ile mpya isione wenzake wamelegea. Zilizunguka zaidi kuliko miaka mingine, na alifurahi kwamba bado ana nguvu mikononi.

Alhamisi ndiyo sherehe. Kesho anaitoa kwanza peke yake, kama desturi yake. Unakumbuka alivyokataa kumpakia hata yule mzungu kabla hajaijaribu mwenyewe. Munyakazi alitaka kwenda naye kesho na rafiki zake. Muzee akamwambia, "Citoyen, musichana hatolewi nje mbele ya kuvaa." Munyakazi alicheka na kumwacha.

Ananiambia nikuandikie kwamba una mikono ya fundi. Amesema pia kuna jambo atakuomba baadaye, ataniambia baada ya sherehe.

Yaya wako,
Apolline

—

Goma, tarehe 6 Juni 1976

Mdogo wangu Barthélemy,

Najua ujumbe wa fonie, ile redio ya misheni, ulikufikia, kwa sababu Padri aliniletea jibu kwamba ulikuwa umeambiwa. Sikuulizi habari. Nilijaribu kukuandikia mara nyingi wiki hizi, nikashindwa. Leo nitaandika kwa utaratibu, kama ninavyoandika siku zangu, kwa sababu sina namna nyingine ya kufika mwisho.

Muzee alitoka Jumatatu baada ya chakula. Upepo ulikuwa wa kusini, si mkali. Nilikuwa ufukweni na madaftari ya wanafunzi magotini. Ferdinand alikuwa ziwani na mtumbwi wake, karibu na mashua. Mwanzo ilikwenda vizuri. Kisha upepo uliongezeka, mashua ikalala upande kama inavyolala siku zote, na Ferdinand akasikia kitu kikigonga chini ya mashua. Kila wimbi, ko. Kila wimbi, ko. Anasema mutu yeyote mwenye masikio angeshusha tanga wakati ule ule. Alimwita Muzee kwa jina lake, kwa kelele, "Hitimana, rudi! Inagonga!" Akasimama ndani ya mtumbwi akapunga mikono yote miwili.

Muzee alimwona. Aliinua mkono naye akampungia.

Nimekueleza kwamba Ferdinand humpungia mkono kila mara kabla ya kumwita. Muzee alifikiri ni salamu.

Mkuku ulitoka. Mashua ililala ubavu, tanga likaingia majini, haikuinuka tena. Ferdinand alifika na hakumwona. Mutu wa ng'ombe, hakujifunza kuogelea maisha yake yote. Wavuvi walimpata kesho yake asubuhi, uso wake ulikuwa mtulivu, nilimwosha mimi na mama Kahambu wa jirani. Tumemzika kando ya Mama. Pale chini ni mwamba, kaburi si refu, tumepanga mawe juu. Munyakazi alikuja na shada. Alisema mbele ya watu kwamba ni bahati wageni hawakuwemo. Hakusema kwa ubaya.

Sasa sehemu ambayo nimekaa nayo siku nyingi nikijiuliza kama nikuandikie.

Walivuta mashua mpaka ufukweni, tumbo juu. Nilikwenda na seremala Aubin kuangalia. Pale mkuku ulipokuwa kuna matundu saba. Katika matundu sita kuna vipande vya buloni vilivyokatika, na vile vya tundu la tatu, la nne na la tano ni vya rangi ya udongo. Cha tano ni chembamba kama penseli, Barthélemy. Ni ile ya zamani, haikubadilishwa. Buloni yako mpya haikuwa pale. Ilikuwa kwenye tundu la kwanza, mbele kabisa. Pale hakuna kipande, mbao yenyewe imechanika. Aubin aliweka mkono akasema, "Hii haikukatika. Hii ilishika mpaka mbao ikashindwa."

Nilimtafuta Ferdinand. Alikuwa amejifungia nyumbani tangu mazishi. Alilia kwanza, ndipo akaniambia. Walipoinua mashua juu ya magogo, Muzee alilegeza nati ya tano, akaisukuma kidogo, akaona rangi iliyotoka. Akairudisha. Akasema, "Hii siwezi kutuma. Wataitia mezani mbele ya shefu ya mutoto yangu, watasema baba yake anabeba watu juu ya takataka." Akatoa ya kwanza, ile aliyoibadilisha karibuni, ile nzuri kuliko zote. Alama yake ilikuwa moja. Akaongeza nne kwa tindo, akaifanya tano, akaisugua. Alimwambia Ferdinand kwamba ukifaulu mtihani atakuomba nyingine, kwa siri, kwa ajili ya tano. Hilo ndilo jambo alilotaka kuniambia baada ya sherehe. Ferdinand alimwuliza, na sherehe je? Akasema mashua haitabeba mutu kabla yeye mwenyewe hajaijaribu.

Nilimwuliza Ferdinand kwa nini hakuniandikia Rutshuru. Akasema, "Alinifunga mudomo. Na nilifikiri ni aibu ya fundi, nimuachie."

Kisha akaniambia jingine. Muzee alijua kwamba hasikii. Alijua tangu hospitali. Alimwambia Ferdinand, "Batoto yangu wanachoka sana, wanafanya kila kitu nisijue kama sisikie. Apolline anatembea mbele yangu kama askari. Nikisema najua, kazi yao yote itakuwa bure." Pale kwenye mashua, aliponiuliza kama nasikia vile inalia, alikuwa ananiuliza kweli. Mimi nilikuwa sikio lake, na nilimjibu ndiyo.

Ningeweza kukuacha na ile buloni ukutani na maneno ya shefu wako. Nilianza barua mbili za namna hiyo. Lakini Muzee tulimficha, naye akatuficha, na sasa ameondoka, na mimi sitaki kuanza na wewe.

Niandikie.

Yaya wako,
Apolline

—

Goma, tarehe 12 Septemba 1976

Barthélemy, mdogo wangu,

Uko mzima? Nauliza na nangoja jibu. Julai ulisema utakuja na hukuja. Kapita wa boti anasema alikuona sokoni ukinunua chumvi, basi najua unatembea na unakula.

Kama una hasira nami, andika hasira. Niliyekwenda Rutshuru ni mimi. Niliyesema "Ndiyo, Papa" ni mimi. Hutaniambia kitu ambacho sijajiambia. Lakini usininyamazie. Nyumbani humu kulikuwa na kimya cha kutosha, kila mtu akifikiri anamtunza mwenzake.

Mahindi ya kwanza yamekomaa. Nimekuwekea.

Yaya wako

—

Kalemie, tarehe 14 Novemba 1976

Yaya Apolline,

Kila barua huanza na kwamba sijambo. Hapo ndipo nilipokwama miezi hii yote. Niliandika neno hilo, nikaliangalia, nikachana karatasi. Leo nimeamua kuliacha. Nina kikohozi. Silali vizuri. Nimekonda. Wewe habari zako nitaziamini ukiziandika hivyo hivyo.

Sina hasira nawe. Barua yako ya tarehe 16 Mei ilinifikia baada ya fonie. Uliandika kwamba nati zilizunguka zaidi kuliko miaka mingine. Wewe na Muzee mlidhani ni nguvu za mikono. Fundi wa chuma anajua: buloni nzima haizunguki zaidi, inayozunguka ni ile inayovutika. Ningepata barua hiyo siku uliyoiandika, ningepiga fonie mimi. Nilikaa nayo mezani, nikawa nahesabu safari ya barua kutoka Goma mpaka hapa, kana kwamba nikihesabu vizuri ingefika mapema.

Na zile alama. Niliziona zinang'aa zote tano. Nilikuwa naifahamu tindo yake, alikuwa hazikati upya, huzisafisha tu. Niliona, na nilifurahi sana kusifiwa mbele ya wenzangu hata sikutaka kuangalia mara ya pili. Alinitumia kitu cha kunipendezesha, nami nikapendeza.

Uliponiandikia ukweli, niliuchukia kwa wiki nyingi. Sasa nakushukuru. Nimekuwa nikiwaza kama ungenificha: ningekuwa mzee hapa Kalemie nikiwaonyesha watu ile buloni ukutani na kusema, baba yangu, fundi mkubwa, alikufa kwa ajali ya upepo.

Shefu hakutaka kuitoa. Alisema inafundisha vijana. Nilimwambia ni mali ya marehemu, akaishusha mwenyewe. Nimempa dereva Cirimwami anayekuja mpaka Bukavu, naye ataiweka kwenye boti ya Goma. Mwambie Ferdinand akapokee, na mwambie simlaumu, aache kujifungia.

Usiizike. Mwambie Aubin aitundike kwenye msalaba wa Muzee kwa waya mzuri, isiguse mbao wala mawe. Watoto wanaochunga mbuzi pale wataigonga, waache waigonge.

Noeli nakuja, konje nimepata kwa maandishi. Nikishuka kwenye boti, usiseme nimependeza. Ukiona nimekonda, uniambie nimekonda, hata mbele ya watu.

Nimeifunga kama alivyoifunga yeye, karatasi ya mafuta, kitambaa, gunia. Kabla ya kuifunga niliishika kwa kamba, nikaigonga mara moja kwa nyundo ndogo, nikangoja mpaka iishe. Ilichukua muda. Yaya, ya kwanza inalia vizuri sana.

Mdogo wako,
Barthélemy